Kabla ya Dripu na Baada Yake

Mgonjwa wa Ebola mwenye kilo 60 akiandikiwa Ebanga huhitaji miligramu 3,000 za dawa: miligramu 50 kwa kila kilo ya mwili wake. Kichupa kimoja kina miligramu 400 za unga mkavu. Vichupa saba havitoshi, kwa hiyo hufunguliwa vinane. Kila kimoja hutiwa mililita 7.7 za maji safi ya sindano, kisha huzungushwa taratibu mpaka unga uyeyuke. Hakitikiswi, kwa sababu dawa yenyewe ni kingamwili, yaani protini, na protini ikisukwasukwa hutoa povu na kuharibika. Ikiwa tayari, huchanganywa kwenye mfuko wa dripu, hupitishwa kwenye chujio na kuteremka mshipani kwa muda wa saa moja. Huishia hapo. Hakuna dozi ya pili, wala vidonge vya kumalizia nyumbani.

Ukiyasoma hayo kwenye karatasi, kazi inaonekana nyepesi. Ugumu unaanzia kwenye kilo zenyewe. Mtu anayetapika na kuharisha mfululizo hasimami kwenye mizani, na mtoto wa miaka miwili aliyeletwa na jirani hana kadi ya kliniki mkononi. Muuguzi ambaye miwani yake imejaa ukungu wa jasho hulazimika kukadiria. Akikadiria pungufu, mgonjwa amepunjwa dawa ambayo hatapewa tena.

Anayeuliza kama dawa hii ni salama kwa kawaida hutarajia orodha ya madhara. Orodha hiyo ipo, nitaifikia. Ila kadiri ninavyosoma historia ya kingamwili za Ebola, ndivyo ninavyoona kuwa hatari kubwa zaidi haikuwa kichupani. Ilikuwa katika siku zilizopotea kabla dripu haijatundikwa, katika aina ya kirusi ambacho hakikupimwa sawasawa, katika kiti kitupu kando ya kitanda, na katika miezi iliyofuata baada ya mgonjwa kupewa cheti cha kupona.

Mizizi ya dawa hii iko Kongo. Mwaka 1995 Ebola ilipolipuka Kikwit, Profesa Jean-Jacques Muyembe, yule yule aliyefika Yambuku mwaka 1976 ugonjwa huu ulipotambuliwa kwa mara ya kwanza, alikuwa miongoni mwa waliojaribu jambo ambalo wengi waliliona la hatari: kuchukua damu ya watu waliopona na kuwaongezea wagonjwa. Wagonjwa wanane waliongezewa damu hiyo. Saba walipona, katika mlipuko ambao uliua takriban wanane katika kila kumi waliougua. Watafiti wa nje walitilia shaka, na shaka yao haikuwa ya bure. Wagonjwa wanane si wengi, hakukuwa na kundi la kulinganisha, na walipata damu hiyo mwishoni mwa mlipuko, wakati huduma ya jumla ilikuwa imeboreka. Isitoshe, kumwongezea mtu damu nzima katika hospitali yenye vifaa haba ni kumfungulia mlango wa Ukimwi na homa ya ini.

Swali la Kikwit halikufa. Mwaka 2006, miaka 11 baadaye, mmoja wa manusura wa mlipuko ule alitoa damu, na ikaonekana kwamba mwili wake bado ulikuwa na kumbukumbu ya vita ile. Kutokana na chembe zake, watafiti wa Marekani wakishirikiana na maabara ya Bellinzona, Uswisi, walichambua kingamwili moja iliyofanya kazi vizuri kuliko nyingine na kuipa jina la mAb114. Ndiyo inayouzwa leo kwa jina la Ebanga. Badala ya damu nzima yenye kila kitu, mgonjwa sasa hupata kitu kimoja kilichosafishwa na kupimwa, na hilo peke yake liliondoa sehemu kubwa ya hofu ya 1995.

Kinachofanywa na kingamwili hii kinaeleweka vizuri. Kirusi cha Ebola kina protini kwenye ngozi yake ya nje, na kwa protini hiyo hujishikiza kwenye chembe ya mwili na kuingia ndani. Kingamwili huiwahi protini hiyo na kuiziba. Dawa ya pili, Inmazeb, ina kingamwili tatu zinazoshika sehemu tofauti za protini hiyo hiyo. Zote mbili hukikamata kirusi kikiwa bado nje. Ini lililokwisha kuharibika hazilirekebishi, wala figo zilizosimama haziziamshi.

Ushahidi wa kutosha ulipatikana katikati ya vita. Mlipuko wa Kivu Kaskazini na Ituri ulitangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kutangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, baada ya watu 3,470 kuugua na 2,287 kufariki. Mwezi Novemba 2018 ulianzishwa huko Beni utafiti uliopewa jina la Kiswahili, Pamoja Tulinde Maisha, ukasambaa mpaka Butembo, Katwa na Mangina. Wagonjwa waligawanywa kwa kura katika dawa nne: ZMapp, remdesivir, mAb114 na ile ya kingamwili tatu, Inmazeb. Kila mmoja alipata dawa mojawapo pamoja na huduma ya kawaida: maji ya dripu, vipimo vya damu vya mara kwa mara, kurekebishiwa sukari na chumvi za mwili. Hakuna aliyepewa dripu ya maji matupu kwa kisingizio cha sayansi.

Mazingira yalikuwa ya kutisha. Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa na kuchomwa moto katika wiki moja. Aprili mwaka huo, Dkt. Richard Mouzoko, Mkameruni aliyekuwa akifanya kazi na Shirika la Afya Duniani, aliuawa kwa risasi akiwa katika hospitali mjini Butembo. Katika hali hiyo utafiti uliandikisha wagonjwa 681. Agosti 2019 kamati huru iliyokuwa ikikagua takwimu ilishauri usimamishwe, kwa kuwa jibu lilikuwa limeshaonekana.

Katika siku 28, waliopewa remdesivir walifariki asilimia 53, na waliopewa ZMapp karibu asilimia 50. Kwa mAb114 ilikuwa asilimia 35, na kwa kingamwili tatu asilimia 34 hivi. Nawaomba wanaoyaona majaribio ya dawa kama ukatili kwa wagonjwa wazitazame tena namba hizo. Kabla ya utafiti, dawa hizi zilikuwa zikitolewa kwa huruma, daktari akichagua kwa kadiri ya alivyoamini. ZMapp ilikuwa na sifa kubwa tangu Afrika Magharibi mwaka 2014, ingawa utafiti wake wa huko uliishia kwa wagonjwa 72 tu kwa sababu mlipuko ulikwisha. Bila kura ile ya Beni, huenda madaktari wenye nia njema wangeendelea kuitundika hadi leo.

Namba zinazonikosesha usingizi ni nyingine, zimo ndani ya utafiti huo huo. Wagonjwa wenye virusi vichache kwenye damu waliopata mojawapo ya dawa mbili bora walifariki takriban mmoja katika kumi. Waliofika damu imejaa virusi, dawa ikiwa ile ile, walifariki kati ya sita na saba katika kumi. Ukijumlisha makundi yote ya dawa, waliofika ndani ya siku moja tangu dalili zianze walifariki asilimia 19. Waliofika baada ya siku tano, asilimia 47. Kila siku ya kuchelewa iliongeza uwezekano wa kifo kwa asilimia 11.

Hapo ndipo usalama wa dawa unapotoka wodini na kwenda mitaani. Katika Beni na Butembo watu walikuwa na sababu za kuchelewa. Walikuwa wameshuhudia mauaji ya miaka mingi bila dunia kujali, kisha ghafla magari meupe yakajaa kwa ajili ya ugonjwa mmoja. Desemba 2018 uchaguzi wa rais uliahirishwa kwao kwa kisingizio cha Ebola huku sehemu nyingine za nchi zikipiga kura. Mtu mwenye homa katika mazingira hayo huenda kwanza duka la dawa, kisha zahanati ya jirani, kisha kwa mchungaji, na kituo cha Ebola huwa cha mwisho. Kumwita mjinga ni kukwepa hoja. Shirika la ALIMA lilileta vyumba vya plastiki angavu ambavyo mgonjwa hulala ndani na familia humwona kutoka nje. Hata muuguzi huweza kumhudumia kwa kupitisha mikono kwenye glovu zilizoshonwa ukutani. Nadhani vyumba hivyo vilipaswa kuhesabiwa kuwa sehemu ya dawa. Mama anayemwona mwanawe akinywa uji hadanganywi na mtu kwamba ndani wanauza viungo vya wagonjwa.

Sasa madhara. Dripu ya kingamwili inaweza kuleta homa, baridi ya kutetemeka, mapigo ya moyo kwenda mbio, pumzi kuwa za haraka, kutapika, shinikizo la damu kushuka. Linganisha na dalili za Ebola yenyewe. Ni zile zile, karibu neno kwa neno. Muuguzi anayemkuta mgonjwa akitetemeka dakika ya 20 atajuaje kama anayetetemesha ni dawa au ugonjwa?

Njia pekee ni kujua mgonjwa alikuwaje dakika ya sifuri. Joto, mapigo, shinikizo, oksijeni na upumuaji hupimwa na kuandikwa kabla dripu haijafunguliwa, kisha hupimwa tena na tena wakati inashuka na baada ya kwisha. Mabadiliko ya ghafla yaliyoanza pamoja na dawa yanaihusisha dawa. Kwa mtetemeko wa kawaida, kasi ya dripu hupunguzwa au husimamishwa kwa muda, homa hutulizwa, kisha huanzwa tena polepole. Mgonjwa akivimba midomo, akitokwa na vipele mwili mzima, akikoroma kifuani na shinikizo likaporomoka, hapo ni mzio mkali: dripu hufungwa kabisa na adrenalini huchomwa kwenye msuli wa paja bila kungoja mashauriano. Adrenalini hiyo lazima iwe imewekwa kando ya kitanda tangu mwanzo. Ikiwa iko kwenye kabati nje ya eneo jekundu, yaani sehemu walikolazwa wagonjwa, muda wa kuvaa mavazi ya kinga na kuingia nayo unatosha kumpoteza mtu.

Mavazi hayo ndiyo kikwazo ambacho karatasi ya maelekezo ya dawa haikitaji. Ndani ya suti ya plastiki, katika joto la mchana, mtu hawezi kukaa zaidi ya saa moja hivi bila kuanza kuzidiwa. Ebanga huchukua saa moja. Inmazeb huchukua saa mbili hadi nne kulingana na uzito, na kwa mgonjwa yule wa kilo 60 ni mililita 180 kutoka vichupa 13. Maana yake dripu moja ya Inmazeb inahitaji zamu mbili, tatu au nne za wauguzi wanaopokezana bila mgonjwa kuachwa peke yake katikati. Kituo chenye wagonjwa kumi na wauguzi wanne hakiwezi hesabu hiyo. Kwa maoni yangu, meneja wa kituo anayeagiza vichupa kabla ya kupanga zamu ameanza kazi kinyumenyume. Dawa mbili zikiwa na nguvu inayokaribiana namna hii, ile ya saa moja ina faida ambayo jedwali la vifo halionyeshi.

Kingamwili hizi pia hazifanyi kazi kwa kila kitu kinachoitwa Ebola. Zimetengenezwa kwa kirusi cha aina ya Zaire, basi. Septemba 2022 Uganda ilipotangaza mlipuko ulioanzia Mubende, kirusi kilikuwa cha aina ya Sudan. Watu 142 walithibitishwa kuugua na 55 kati yao wakafariki, huku Ebanga na Inmazeb zikiwa hazina msaada. Kagera, Tanzania, Machi 2023, ilikuwa Marburg, ndugu wa Ebola. Rwanda, Septemba 2024, Marburg tena. Dalili za siku za kwanza hazitofautiani, na mashine ya GeneXpert ambayo imesambaa katika hospitali zetu hutumia kipimo cha Ebola kinachotambua aina ya Zaire peke yake. Jibu la "hakuna" kutoka mashine hiyo katika eneo lote la Ziwa Victoria halimaanishi kuwa mgonjwa hana ugonjwa wa jamii hiyo. Sampuli lazima iende maabara kubwa, mathalani ile ya Entebbe.

Rwanda inastahili kusimuliwa kidogo zaidi. Wagonjwa walikuwa 66, wengi wao wahudumu wa afya, na waliofariki ni 15, chini ya robo, ilhali Marburg imezoeleka kuua nusu au zaidi. Walitumia remdesivir na kingamwili ya majaribio iitwayo MBP091. Ni rahisi kuipigia debe dawa. Lakini Kigali walikuwa na vyumba vya wagonjwa mahututi, mashine za kupumulia, usafishaji wa figo, na wagonjwa waliogundulika mapema kwa kuwa wenyewe ni wauguzi na madaktari. Wagonjwa wawili waliowekewa mpira wa kupumulia walitolewa wakiwa hai, jambo ambalo halijazoeleka Afrika kwa ugonjwa huu. Kingamwili ilichangia kiasi gani? Bila kundi la kulinganisha hakuna wa kusema, na hili ni swali la Kikwit limerudi na suti mpya.

Kwa wajawazito nitasema kwa kifupi, maana jibu liko wazi kuliko watu wanavyodhani. Walikubaliwa kwenye utafiti wa Beni sawa na watoto, na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Agosti 2022 unapendekeza kwa mkazo mojawapo ya dawa hizi mbili kwa kila aliyethibitishwa kuwa na Ebola ya Zaire, akiwemo mjamzito na mtoto mchanga wa mama mgonjwa. Kunyonyesha husimamishwa, kosa likiwa la kirusi kinachopita kwenye maziwa.

Kipindi cha baada ya dripu ndicho kilichonishtua kuliko vyote nilipokisoma. Mwaka 2019 mwanamume mmoja wa Kivu Kaskazini, aliyekuwa amechanjwa, aliugua, akapewa mAb114, akapona, akaruhusiwa baada ya vipimo kuonyesha damu safi. Takriban miezi sita baadaye akaugua tena. Uchunguzi wa vinasaba ulionyesha kirusi ni kile kile cha mwanzo, na kutoka kwake ukaanza mnyororo wa wagonjwa 91. Macho, ubongo na korodani ni sehemu za mwili ambazo kinga haifiki kwa urahisi, na kingamwili inayoelea kwenye damu haifiki huko vya kutosha. Kirusi kinaweza kujificha hapo kwa miezi.

Sisemi dawa ilimsababishia. Bila hiyo huenda angekufa alipougua mara ya kwanza. Ninachosema ni kwamba tukio lile lilibadilisha maana ya kupona. Mlipuko wa Kivu uliacha manusura 1,171, na ufuatiliaji wao wa kupima shahawa, kuchunguza macho na kusikiliza malalamiko ya kichwa kuuma ni sehemu ya matibabu kama ilivyo dripu. Unahitaji pia ustadi wa kutowageuza manusura kuwa washukiwa. Mtu anayenyoshewa kidole kijijini hatarudi kupimwa, na homa yake ya pili atakwenda kuitibu mahali pengine kwa jina lingine.

Bado kuna mgongano na chanjo. Ervebo ni kirusi hai kisicho na madhara kilichopachikwa protini ya nje ya Ebola, protini ile ile ambayo kingamwili zimefundishwa kuikamata. Aliyepewa dripu leo akichanjwa kesho, dawa inaweza kuiua chanjo kabla mwili haujajifunza. Mgonjwa aliyechanjwa juzi, kwa upande wake, hanyimwi dripu. Uhai wake wa leo una uzito kuliko kinga ya baadaye. Ugumu hasa ni wa mtu wa tatu: muuguzi aliyejichoma sindano yenye damu ya mgonjwa saa moja iliyopita na hana dalili yoyote. Chanjo huhitaji siku kadhaa kujenga kinga. Kingamwili hufanya kazi mara tu zinapoingia, na katika mlipuko wa Kivu kuna watu waliokuwa wamekaribiana na hatari namna hiyo waliopewa dripu mapema. Lakini akipewa, chanjo yake itabidi ingoje, naye ana zamu za wiki nyingi mbele yake.

Na vichupa ni vichache. Hutunzwa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8, haki za kuziuza ziko kwa kampuni za Marekani, na akiba kubwa iko huko huko. Ebola ilipotangazwa Bulape, Kasai, Septemba 2025, dawa ilibidi isafirishwe kwa ndege na kwa njia mbovu hadi eneo lisilo na umeme wa uhakika. Damu ya manusura wa Kikwit ilivuka bahari bila shida. Kurudi kwake ndiko kwenye foleni. Katika kituo chenye vichupa vinane kwenye jokofu, wakati mgonjwa wa kilo 60 amefika akiwa siku ya sita na muuguzi yule amejichoma sindano asubuhi, mganga mkuu ana saa chache za kuamua vifunguliwe kwa ajili ya nani, na mwongozo alionao mezani haumwamulii.